Korogwe hadi Soni kwa baiskeli: panda na vumbi, shuka na lami

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, tairi nchi 26, na naiendesha kila siku kwenda kazini. Likizo ya Juni, mimi na walimu wenzangu wawili, sote wanawake, tunataka siku mbili za kuendesha nje ya lami, tupite kando ya mto na tupande milima ya Usambara. Mmoja wetu anasema tuanzie Soni ili tushuke tu mpaka Korogwe. Mwingine anasema bila zile baiskeli mpya za changarawe, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tusijaribu. Nani yuko sahihi, na wewe ungepita wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wenzako wamekosea wote wawili, ila huyo wa kwanza amekosea kwa namna inayovunja mifupa, kwa hiyo naanza naye.

Barabara anayoisema naijua. Ni ile ya Soni, Bumbuli, Dindira hadi Korogwe, kilomita 74 hivi, nyingi zikiwa udongo mwekundu na changarawe, ingawa siku hizi kila ukirudi unakuta kipande kingine kimetiwa lami, au kona kali imewekwa zege. Kwenye ramani hesabu yake inavutia. Soni iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, Korogwe iko kama mita 300. Mtu anaona mita 900 za kuteremka bure, anajiuliza kwa nini ajitese kupanda. Na mimi nilijiuliza hivyo nikiwa kijana, nikabeba baiskeli kwenye basi hadi Soni.

Kilichonipata ni hiki. Kati ya Soni na Dindira hakuna mteremko wa maana, kuna migongo ya milima. Unashuka hadi kijito, unavuka kidaraja, unapanda tena mpaka kwenye mgongo unaofuata, na ukifika juu unaona mwingine. Nilipofika Dindira ilikuwa alasiri, miguu imekwisha, chupa za maji tupu. Mteremko wenyewe, ule wa kukutoa mlimani mpaka bonde la Lwengera, unaanzia hapo. Changarawe imelegea juu ya udongo mgumu kama gololi zilizomwagwa sakafuni, kona zinakuja moja baada ya nyingine, na vidole vyangu vilikuwa vimechoka kiasi kwamba breki nilizibana kwa viganja. Kona ya nne au ya tano gurudumu la mbele likateleza. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo, na yule mzee aliyeniokota aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulikuwa unamkimbia nani?"

Kwa hiyo geuzeni safari. Anzieni Korogwe, pandeni na vumbi, laleni Bumbuli, kesho yake mwende Soni, halafu mshukie Mombo kwa lami. Kupanda kwenye changarawe unakwenda polepole, ukiteleza unaweka mguu chini na mambo yamekwisha. Mteremko mrefu unaufanya mahali ambapo tairi inashika.

Sasa njia yenyewe. Laleni Korogwe usiku wa kuamkia safari, mwondoke saa kumi na mbili asubuhi, si saa tatu baada ya supu. Bonde lile liko chini na joto lake si la mchezo. Mkitoka mjini mnaelekea Kwashemshi, na hiki ndicho kipande cha mto ulichouliza. Mto Lwengera unatoka kaskazini katikati ya Usambara mbili, unakuja kuungana na Pangani karibu na Korogwe. Mkielekea kaskazini, Usambara Magharibi iko kushoto kwenu, Usambara Mashariki iko kulia, na bonde liko katikati kama sinia. Asubuhi ukungu unalala humo mpaka jua lipande, unaona vichwa vya minazi na miembe tu.

Barabara hapa ni tambarare, na ndiyo maana watu huiharibu siku yao hapa. Mnakuwa na nguvu, mnashindana, mnafika chini ya mlima mmeshatumia nusu ya akiba. Nendeni mwendo wa kuongea. Kama huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, punguza.

Pembeni mtaona mistari ya mkonge iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mmea huu si wa kwetu, mwalimu wa historia atakuwa anajua: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukaanza upande wa Pangani, na baadaye mkoa mzima ukajulikana kwa huo. Kwa mwendesha baiskeli mkonge una maana mbili. Moja, njia za ndani ya mashamba ni nzuri mno, ngumu, hazina magari, lakini ni mali ya watu. Ombeni ruhusa kwa mlinzi au msimamizi kabla ya kukata kushoto, na mkikataliwa rudini barabarani bila kubishana. Mbili, ile miiba ya ncha za majani. Ikikauka ikaanguka njiani inapita tairi kama sindano. Asilimia kubwa ya pancha nilizoziba kwenye bonde lile ni mwiba wa mkonge au wa mgunga.

Maji ya mto yaangalieni tu. Pangani ina mamba, na huko kwenye maji yaliyotulia, majaruba ya mpunga na mifereji, kichocho ni jambo la kweli. Mkitaka kunawa uso tumieni maji ya bomba kijijini.

Kwashemshi simameni hata kama hamjachoka. Kunyweni chai, kuleni kitu kizito. Mihogo ya kuchemsha inatosha sana, na kama mtapata bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki asubuhi hiyo, mna bahati kuliko mimi. Jazeni kila chupa. Hesabu yangu ni nusu lita mpaka robo tatu kwa saa moja ya kupanda, kwa kila mtu, na kutoka hapa mpaka juu mhesabu saa tatu hadi nne. Kila mtu awe na lita mbili kabla ya kuondoka. Na tia chumvi kidogo kwenye chupa moja, pamoja na sukari na limau. Maji matupu peke yake kwenye jasho lile huleta kichwa kuuma na misuli kukakamaa.

Kutoka bondeni kwenda Dindira ndipo penye kazi. Sitakudanganya, kuna mahali utashuka na kusukuma. Hata mimi nasukuma, na vijana wanaopita na bodaboda wamebeba magunia ya tangawizi wananipungia mkono. Siri ya kupanda kwenye changarawe iko kwenye makalio. Ukisimama juu ya pedali kama tunavyofanya kwenye lami, uzito unaondoka gurudumu la nyuma, tairi inazunguka pale pale, unapoteza mwendo na unaanguka ubavu. Kaa mbele kidogo kwenye kiti, inamisha kifua, viwiko vilegee, na utafute ule mstari mwembamba ambao tairi za magari zimeuponda ukawa mgumu. Mara nyingi uko upande wa ndani wa kona, lakini upande wa ndani ndio mkali zaidi, kwa hiyo unachagua: mwinuko mkali kwenye udongo mgumu, au mwinuko mpole kwenye kokoto zilizolegea. Mimi huchagua mkali.

Hewa itabadilika ghafla. Kuna kona moja mnatoka kwenye joto la bondeni, mnaingia kivuli cha miti, na jasho la mgongoni linakuwa baridi. Baada ya hapo inaanza chai. Mashamba ya Dindira na Ambangulu yamelala juu ya vilima kama mkeka wa kijani uliokunjwa, na mkipita asubuhi siku ya kazi mtawaona wachumaji wamezama kiunoni, vikapu mgongoni, mikono inakwenda bila macho kuangalia. Salimieni. Kisambaa cha mchana ni "Onga mshi", na ukilitamka hata vibaya, watu wanacheka na mlango unafunguka. Ninyi wanawake watatu kwenye baiskeli mtakuwa habari ya kijiji kizima kabla hamjafika, watoto watakimbia nanyi. Si ubaya. Suruali ndefu pana inakubalika kila mahali huko juu, ila funga pindo la mguu wa kulia kwa mpira au kamba, cheni haina adabu. Mtandio chomekeni ndani ya shati, usipepee nyuma karibu na gurudumu.

Bumbuli ndipo pa kulala. Ni mji mdogo, una hospitali ya zamani ya Kilutheri, soko, na vyumba vya kulala wageni vya kawaida. Pigeni simu mapema au mtume mtu kuulizia, maana wakati wa shughuli vyumba vinajaa. Juni usiku ni baridi, mwalimu, baridi ya blanketi mbili. Watu wa Tanga mjini hawaamini mpaka meno yagongane. Bebeni sweta, na soksi kavu zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni ambazo hazitaguswa mpaka mmeoga. Kuleni makande kama yapo. Mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja mpaka yakalainika ndiyo mafuta ya safari ya kesho.

Siku ya pili ni fupi lakini ndiyo yenye ile migongo niliyoilalamikia. Sasa hamna haraka nayo. Kutoka Bumbuli kwenda Soni mnapita vijiji vimeshikana, bustani za kabichi, karoti na pilipili hoho zimechorwa kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu hata kuisimamia. Mkifika kwenye vijito vidogo simameni darajani mtazame maji yanavyokwenda. Ni maji safi kuliko yote mtakayoyaona safari nzima, na bado msiyanywe bila kuyachemsha, kuna vijiji juu yake. Soni mtayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Pale mapeasi na plamsi zikiwa msimu zinauzwa kwenye ndoo barabarani, lakini Juni si msimu wake, mtakuta ndizi na parachichi.

Hapo Soni, kabla ya kushuka, naomba mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33, na Soni iko karibu katikati. Kwa hiyo mna kilomita 17 hivi za kuteremka, na mnapoteza kama mita 750. Mtu mwenye kilo 70 na baiskeli na mzigo wa kilo 15 akishuka kiasi hicho, nguvu anayoitoa inatosha kuchemsha karibu lita mbili za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Upepo unachukua sehemu yake. Iliyobaki inaingia kwenye breki, na kama breki zenu ni za mipira inayobana rimu, basi inaingia kwenye rimu, ambayo iko sentimita moja kutoka kwenye tyubu. Nimeshuhudia kiraka kikibanduka pale njiani kwa joto. Gundi ililainika, tairi ikaisha upepo kwenye kona. Mwenye baiskeli alikuwa na bahati kwamba alikuwa akienda taratibu.

Basi msibane breki mfululizo. Acha baiskeli iende kidogo, kisha bana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia, iende tena. Kubana kwa muda mfupi na kuachia kunaipa rimu nafasi ya kupoa. Kuburuta breki njia nzima kunaipika. Kila baada ya kilomita tatu au nne simameni kwenye upana wa barabara, mguse rimu kwa tone la mate kwenye kidole. Likifanya "chss", kaeni dakika kumi mtazame bonde. Na kaeni upande wenu wa kushoto kama mnashikiliwa na kamba: barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na Coaster za Lushoto zinapiga honi kwenye kona na kuja. Hiyo ndiyo bei ya kushuka kwa lami badala ya changarawe, nakubali. Gari unalisikia kabla ya kuliona. Kokoto hazipigi honi.

Sasa rafiki yako wa pili, wa baiskeli mpya. Hizo baiskeli ni nzuri, nimeshika kadhaa, na wenzetu Kenya tangu 2021 wana mashindano yao ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara ambako wanazitumia hasa. Zimetengenezwa kwa mtu anayetaka kwenda kasi siku nzima. Ninyi hamshindani. Kinachotakiwa kwenye njia hii ni vitu vitatu: tairi nene, gia nyepesi na breki zinazoaminika. Baiskeli ya mtumba ya nchi 26 ina viwili vya kwanza tayari, na cha tatu kinanunuliwa kwa fedha kidogo.

Gia. Hesabu meno ya duara dogo la mbele na meno ya duara kubwa la nyuma. Kama mbele ni 22 na nyuma ni 34, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita moja na theluthi hivi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea, na ndio mwendo wa kupanda Dindira. Kama duara lako dogo la mbele lina meno 32 au zaidi na nyuma ni 28, mwombe fundi abadilishe friwili, yaani yale maduara ya nyuma, kabla ya Juni, au ujiandae kusukuma sana. Jaribu pia kama gia inaingia kweli kwenye duara dogo la mbele. Baiskeli nyingi za mjini hazijawahi kuitumia, waya umeganda kutu, na utagundua hilo katikati ya mlima.

Upepo wa tairi. Mjini najua mnajaza mpaka tairi inalia kama ngoma. Kwenye changarawe tairi ngumu inarukaruka juu ya kila jiwe, inakuchosha mikono na haishiki. Kwa tairi ya nchi 26 yenye unene wa karibu nchi mbili, na mtu wa kilo 60 hadi 70, wekeni 30 mbele na 35 nyuma, kwa kipimo cha PSI. Ukibonyeza kwa kidole gumba iingie kidogo. Ukishuka chini ya hapo sana, utagonga jiwe na rimu itaitoboa tyubu mara mbili, matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Soni, kabla ya lami, ongezeni kidogo.

Breki: mipira mipya minne kwa kila baiskeli, si miwili, na waya mpya wa mbele. Fundi azikaze rimu zisiyumbe. Mnunue mipira ile laini, si ile migumu inayong'aa ambayo maduka mengine yanauza bei ya chini. Hiyo haikamati, inapiga kelele tu. Niliwahi kuuziwa boksi zima, nikaishia kuitumia kuzuia mlango.

Kwenye begi: tyubu mbili kwa kila mtu (si moja), viraka na solusheni ambayo haijafunguliwa, pampu, vijiti vya kutolea tairi, spana, kipande cha waya wa breki, na kipande cha tairi kuukuu urefu wa kiganja cha kuweka ndani kama tairi itapasuka ubavu. Mafundi wapo Kwashemshi na Bumbuli, na ni mafundi kweli kweli, mmoja alininyooshea rimu kwa goti lake na macho tu. Ila spea walizonazo ni za Phoenix na baiskeli za mizigo. Kitu cha gia hawatakuwa nacho.

Kuhusu mwezi. Masika inapiga Machi mpaka Mei, na udongo ule mwekundu ukilowa hauwi tope, unakuwa gundi. Unajaa kwenye uma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na baiskeli ya kilo 15 unaibeba ikiwa na kilo 25. Kwa hiyo msiende wiki ya kwanza ya likizo, nendeni wiki za mwisho za Juni, barabara ikishakauka na magari yakishaikanyaga. Mkipata mvua ya usiku Bumbuli, subirini mpaka saa nne jua liifanye kazi yake.

Mombo mkifika, naomba mwishie hapo. Kutoka Mombo kurudi Korogwe ni kilomita 40 hivi za barabara kuu, mabasi ya Arusha na malori yanapita kama yamechelewa harusi, na pembezoni hakuna nafasi ya maana. Reli ilifika Mombo mwaka 1905, ila msikae stesheni kungoja treni na baiskeli, pandeni gari. Kondakta atawaambia baiskeli ni mzigo wa watu wawili. Patanisheni bei ya abiria na ya baiskeli kwa pamoja, kabla hajaipandisha juu, kwa sababu ikishafungwa kamba bei yake ni nyingine. Legezeni usukani muugeuze ulale sambamba na fremu, toeni pedali mtie mfukoni, na mmoja wenu apande juu ahakikishe hakuna gunia la viazi linalolala kwenye gia za nyuma.